Mke Akilazwa, Mume Yu Wapi?

Ni ada yetu sisi watu wa Pwani kwamba mume akiugua, nyumba nzima huhamia hospitalini. Mkewe hukunja mkeka na leso mbili, akachukua chupa ya chai na bakuli la uji, akaenda kukaa kando ya kitanda mpaka siku mumewe atakapotoka, au mpaka Mola apitishe alilolipitisha. Hakuna amwulizaye kwa nini amekwenda, na lau hakwenda angesemwa mji mzima. Sasa ligeuze jambo hilo. Mke ndiye aliyelazwa. Hapo utawaona mamake, dada zake, shangazi zake, binti zake na jirani wa mlango wa pili. Na mumewe utamkuta barazani baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi, akipokea pole. Wakati wa kutazama wagonjwa huenda kwa dakika kumi, akasimama miguuni pa kitanda huku akizichezea funguo zake, akauliza, "Hujambo leo?" kisha akashika njia.

Siwasingizii wote. Nawajua wanaume waliowauguza wake zao kwa uvumilivu ambao ungemfanya mtu aone haya. Lakini hao twawataja kama kioja, na jambo likitajwa kama kioja ni dalili kwamba silo ada. Ukiwauliza wengine hujibu kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake, na wengine huongeza kwamba ndivyo dini ilivyo. Hili la pili ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Katika miji yetu mgonjwa akizidiwa, watu huitwa, ubani ukafukizwa, ikasomwa Halbadiri. Husomwa majina ya masahaba wa Badri, mmoja baada ya mmoja, na kwa baraka yao mgonjwa akaombewa afya. (Wako mashekhe wanaoikataa ada hiyo, na wako wanaoishika, si kusudi langu leo kuamua baina yao.) Nataka msomaji alitegee sikio jina moja tu miongoni mwa majina hayo, nalo ni la Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Sayyidna Uthman hakwenda Badri. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka Madina, mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa yu kitandani hajiwezi. Mtume ndiye aliyemwamuru Uthman abaki amuuguze. Vita vikapiganwa, ushindi ukapatikana, na mjumbe alipofika Madina na bishara aliwakuta watu wamo katika kumzika Bibi Ruqayya. Kisha ngawira zilipogawanywa, Uthman alipewa fungu lake sawasawa na mtu aliyesimama vitani, akahesabiwa ujira wa aliyehudhuria.

Tuliangalie jambo hilo vizuri. Waislamu walikuwa mia tatu na kitu, maadui wapata elfu moja. Kila mkono ulihitajika, na juu ya hivyo mwanamume mmoja mzima akaachwa nyuma akae na mkewe mgonjwa. Wala Madina haikukosa wanawake wa kumwangalia Bibi Ruqayya. Basi kila tukisoma Halbadiri kwenye upenu wa nyumba, na mke yuko hospitalini peke yake, twalitaja kwa ndimi zetu jina la mtu aliyeandikwa katika watu wa Badri kwa sababu ya kuuguza mke.

Yuko bwana mmoja, msomi wa kiasi chake, aliyenikabili barazani kwa hoja nyingine. Alisema kitabuni mume halazimiki dawa ya mkewe wala ujira wa tabibu; analazimika chakula, mavazi na makao tu. Na kweli, mtu aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277, atalikuta neno hilo. Sisi ni Mashafii na hatuna haja ya kulificha. Lakini bwana yule alikisoma kitabu akaufunga ukurasa mapema, kwa sababu papo hapo, pasipo kuvuka mstari, imetajwa kwamba chakula na kitoweo cha mke katika siku za ugonjwa wake ni haki yake juu ya mume. Kwa hivyo hata kwa kauli hiyo aliyoishika kwa meno, ule uji na mchuzi wa kuku unaopelekwa wodini na mama mkwe kila siku ulikuwa ni deni lake yeye.

Tena yafaa tujue walikolitoa mafakihi neno la dawa. Wengine walimlinganisha mume na mpangaji: mpangaji hutumia nyumba akalipa kodi, lakini ukuta ukipasuka ni juu ya mwenye nyumba kuutengeneza. Ulikuwa ni mfano wa zama zao, ambapo tabibu alikuwa mtu wa kubahatisha na watu wengi waliishi na kufa bila ya kumwona. Leo ni nani atakayethubutu kwenda kwa mkwewe akamwambia kwamba binti yake ni nyumba ya kupanga? Marehemu Sheikh Wahba az-Zuhayli wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, na ambaye vitabu vyake vya fiqhi vimo katika maktaba za mashekhe wetu wengi, aliandika kwamba matibabu katika zama hizi yamekuwa haja ya lazima kama chakula, bali pengine kuliko chakula, na kwa hivyo gharama yake ni ya mume. Na liko jambo ambalo hata hao wa kale hawakuhitilafiana: mwenye wake zaidi ya mmoja hana ruhusa kumkatia zamu aliyeugua. Nalitaja kwa kupita tu, maana wako waliokwenda kuposa kwengine hata shuka za hospitali hazijakauka.

Yako mazito ya kweli pia, na si haki kuyapuuza. Katika wodi ya wanawake mwanamume haruhusiwi kulala, na ni vyema iwe hivyo, kwani wamo wake za watu wengine na mabinti za watu. Basi usiku lazima ushikwe na wanawake, kwa zamu, ili mama mmoja asiuawe kwa kukesha wiki nzima. Lakini mchana ni mrefu. Kuna foleni ya dawa, karatasi za maabara, picha, damu ya kutafuta, nguo za kufua, mtoto wa kupelekwa madrasa na kurudishwa. Kuna kumsikiliza daktari apitapo asubuhi na kuandika anachosema, maana mgonjwa mwenye homa hakumbuki, na shangazi mtu mzima huogopa kuuliza. Na kuna kumsafisha mgonjwa. Hapa ndipo wanaume wetu wanapoinamisha vichwa, nami nastaajabu. Katika watu wote duniani hakuna ambaye kwake mwili wa mwanamke huyu ni halali zaidi kuliko mumewe. Akivutiwa pazia, ni nani mwenye haki zaidi ya kumbadilisha nguo na kumwosha miguu? Mwingine atasema kumgusa kunamtengua udhu. Ndiyo, kwa madhehebu yetu kunatengua. Mfereji uko nje ya wodi, na maji hayajapanda bei kiasi hicho.

Mgonjwa naye ana ibada yake ambayo anahitaji mtu wa kumsaidia. Wagonjwa wengi huacha sala hospitalini si kwa kutojali, bali kwa kudhani haiwezekani na damu, mipira na dripu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Huswayn, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, kwamba asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mume aliyekaa chuoni miaka akakhitimu msahafu hashindwi kumwelekeza mkewe kibla, kumtayarishia vumbi la kutayamamu ikiwa maji yanamdhuru, na kumkumbusha wakati. Neno hilo dogo humrudishia mgonjwa heshima yake. Mtu aliyelazwa hugeuzwa kama mzigo, huchomwa, huulizwa umri mbele ya watu. Akisali, hujiona yeye ni yeye.

Nayasema haya nikiwa nimeyapitia. Mwenzangu alilazwa siku 39, na nilijifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Nilijifunza kwamba wiki ya kwanza nyumba haina pa kukanyaga na wiki ya nne hata simu hailii. Nilijifunza kwamba wageni kumi na watano kwa wakati mmoja ni kheri iliyogeuka mateso: mgonjwa hujikaza acheke nao, na wakiondoka joto lake limepanda. Mama mmoja, Mungu amsamehe, alimweleza habari za mtu wao aliyekuwa na ugonjwa huo huo, alivyoanza vizuri kisha akageukiwa usiku. Kwa upande wa pili, mzee mmoja wa msikitini kwetu hakusema maneno hata kumi katika siku zote hizo. Kila baada ya Alasiri alikuja na motokaa yake kuukuu, akawachukua wajukuu wangu chuoni, akawapeleka nyumbani kwake wakala, akawarudisha baada ya Isha. Ni yeye aliyeniwezesha kukaa nilipotakiwa nikae. Jirani mwingine alichukua nguo chafu mlangoni bila ya kuuliza na kuzirudisha zimepigwa pasi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na mwenye kuuguza vilevile asiulizwe. Ukimwambia, "Ukiwa na haja yoyote niite," umempa kazi moja zaidi, nayo ni ya kuja kukuomba.

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Hilo tumelisikia tangu tukiwa watoto, na iko hadithi Qudsi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu atamwuliza mja siku ya Kiyama kwa nini hakumzuru alipougua, maana yake lau angemzuru mja wake mgonjwa angemkuta Yeye hapo. Uzito wa neno hilo ni mkubwa. Lakini wanazuoni wetu hao hao walifundisha kwamba ziara iwe fupi, maneno yawe ya kutumainisha, na dua iwe ya kumtakia afya na kumkumbusha kwamba maradhi husafisha dhambi. Hawakusema tukae mpaka nesi atufukuze.

Na hapa niseme juu ya zawadi zetu. Kombe, asali, maji ya Zamzam, tende za Madina: sikatai hata kimoja, nami nimekunywa kombe utotoni mara zisizohesabika, wino wa zafarani ukinipaka midomo. Lakini mgonjwa aliyeamriwa asile wala asinywe kabla ya kupasuliwa asipewe hata fundo moja, kwa sababu akitiwa dawa ya usingizi, kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia katika mapafu, na hilo laweza kumwua. Mwenye sukari asijaziwe tende na asali kwa jina la baraka. Na mwenye kunywa kombe asiambiwe aache vidonge vyake. Uliza kwanza kwa sista wa zamu. Zamzam haiharibiki kwa kungoja siku moja.

Sasa tuje kwenye fedha, ambazo ndizo zinazowafanya wanaume wengi waikimbie wodi kuliko aibu yoyote. Mtu asiye na kitu huona kwamba kwenda mikono mitupu ni kujifedhehesha, kwa hivyo hujificha barazani. Namwelewa. Lakini mengine yangeweza kufanywa mapema. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa kila mia, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wa mume huwafunika mkewe na watoto, ila awe amewaandikisha. Manung'uniko juu ya mpango huo ni mengi na baadhi yake yana haki. Hata hivyo, mume aliyejiandikisha peke yake, akangoja mke azidiwe ndipo aanze kutafuta cheti cha ndoa sandukuni, amejitafutia msiba wa pili juu ya wa kwanza. Na ikiwa deni limebaki, ijulikane kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kuwa kuwazuilia hospitalini akina mama waliojifungua kwa sababu ya kushindwa kulipa ni kuvunja haki zao za Katiba. Deni hudaiwa kama madeni mengine, mwili wa mtu haushikwi rehani.

Iko pia damu. Mke anayejifungua akavuja damu, au anayengoja kupasuliwa, aweza kuhitaji chupa tatu au nne, na mara nyingi jamaa huambiwa watafute wa kutoa. Hapo ndipo pasipohitaji pesa. Mtu mzima mwenye afya, wa miaka 16 mpaka 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, hutolewa kiasi cha mililita 450, akapewa kinywaji, akaenda zake. Mwanamume aweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Lakini damu haiwekwi ghalani kama mchele. Wiki tano au sita ikaharibika, kwa hivyo lazima watoaji wapatikane mwaka mzima. Ukiona kijana wa mtaa amechangia shilingi mia tano kwa simu ukampongeza, mpongeze mara mbili aliyekwenda kunyosha mkono wake.

Jambo linaloniudhi ni kwamba sisi si watu tusiojua kujipanga. Tazama mtu anapokufa. Saa mbili hazipiti, jeneza limeletwa, sanda imekatwa, wachimba kaburi wanajulikana kwa majina, anayeosha ameitwa, viti vimepangwa njiani na sufuria za pilau zimeteremshwa za kuwalisha waliotoka mbali. Hakuna kamati iliyokaa wala barua iliyoandikwa. Kila mtu ajua kazi yake. Mpango huo wote tumemwekea maiti, na aliye hai, kitandani, mwezi wa tatu wa maradhi, amebakia na mamake. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, yapata saa nne kila mara, na huenda kwa miaka. Pole zetu hazifiki huko.

Na sisi malenga tuna sehemu yetu ya lawama katika hili. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utenzi wake wa kumuusia bintiye Mwana Hashima, yapata mwaka 1858, mwenyewe alikuwa mgonjwa, na baada ya kiasi cha miaka miwili alifariki. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikwisha kumtangulia. Mabinti wa Lamu na Mombasa wameufunzwa utenzi huo kwa vizazi, wakajua jinsi ya kumtunza mume, naam mpaka alalapo. Lakini sijapata kuusikia utenzi wa baba akimuusia mwanawe wa kiume jinsi ya kukaa na mke kitandani pa maradhi. Vijana wanaoleta mashairi katika kurasa hizi wanakaribishwa. Wakituletea hata beti ishirini juu ya jambo hilo, tutaziwekea nafasi kabla ya zile za mahaba.

Rai yangu kwa kamati za misikiti ni hii. Kila msikiti una daftari ya michango ya mazishi. Liwekwe la pili, la wagonjwa. Liandikwe jina la mwenye kukubali kutoa damu na kundi lake la damu. Mwenye motokaa au tuktuki na siku anayoweza. Nyumba iwezayo kupika chakula cha mgonjwa Jumatatu, na nyingine Jumanne. Wanawake walio tayari kukesha, watatu watatu kwa zamu. Mwalimu wa chuo atakayebaki na watoto mpaka Magharibi. Pasiandikwe ugonjwa wa mtu, maana siri ya mgonjwa ni amana. Liwe mikononi mwa mtu mmoja anayeaminika upande wa wanaume, na mmoja upande wa akina mama. Na mume wa mgonjwa asifutwe kazi kwa sababu hiyo: daftari lipo ili apate nafasi ya kukaa na mkewe, wala si la kumrudisha barazani. Lianze mwezi wa Shaabani. Ramadhani ikiingia watoaji damu hupungua, ijapokuwa mtu aweza kwenda baada ya kufuturu, na wodi za wanawake hazipungui mtu.